Mnada wa Bata wa Kapteni Elwood

Jumamosi ile ya Novemba, Idella Dize aliamka na ahadi mbili ambazo zisingeweza kupikwa chungu kimoja. Ya kwanza alimpa mama yake, Bi Oneida: hakuna mtu wa ukoo wa Bozman atakayeondoka na bata hata mmoja wa mbao wa marehemu baba. Ya pili alimpa Lyle Bozman, mwanamume aliyemposa tangu kiangazi naye akasema ndiyo bila kumwambia mtu: leo, mnada ukiisha, siri itatoka.

"Mnada ukiisha," Lyle aliyarudia maneno hayo polepole. Walikuwa wamejibanza nyuma ya ukumbi wa zimamoto wa kijiji cha Sawney, kando ya rundo la makombe ya chaza, upepo wa ghuba ukiwapiga masikioni. "Kwanza ilikuwa msimu wa kaa ukiisha. Halafu kaburi la mzee likishajengewa. Sasa mnada ukiisha. Mimi nitaoa lini, Idella? Dunia ikiisha?"

Idella alicheka, kisha akajiziba mdomo haraka asisikike ndani. "Usinichekeshe, Lyle. Mama anasema leo anauza roho ya baba. Nikimwambia leo hii hii kwamba na binti yake anachukuliwa na Bozman, tutamzika."

"Bi Oneida? Yule atatuzika sote, na kofia yake haitapinda."

"Unamsema mama yangu."

"Namsifu."

Alimtazama kwa yale macho yake ya kijivu, macho ya mtu anayevuna chaza tangu alfajiri na bado ana nguvu ya kutania, na Idella akajikuta akitabasamu kama msichana wa shule. Alikuwa na miaka thelathini na nne, mwalimu anayeogopwa na darasa zima. Mbele ya mtu huyu hakuwa mwalimu wa kitu.

"Nakuomba jambo moja tu," alisema. "Humo ndani usinyanyue mkono. Kwa bata yeyote yule."

"Hata nikiwashwa kichwani?"

"Jikune kwa mguu."

Lyle alicheka kimyakimya, akambusu kwenye paji la uso, akazunguka kuingia kwa mlango mwingine. Penzi ni kikohozi, kulificha huliwezi, lakini wawili hawa walikuwa wamejitahidi kukohoa kila mmoja upande wake.

Ugomvi wa koo zao ulikuwa wa zamani, na ulianza kwa ukarimu. Babu yake Idella, Severn Dize, alikuwa akichonga bata wa mbao wa kuelea majini, wa kuwahadaa bata wa porini washuke karibu na bunduki. Ilikuwa kazi ya jasho: mbao nzito, madini ya risasi ya kutia uzito tumboni, rangi mpya kila mwaka. Ndipo Clayton Bozman, baba yake Lyle, alipokuja na lori limejaa bata wa plastiki, wepesi kama makopo matupu, akawabadilisha kwa wale wa mbao, mmoja kwa mmoja. Mzee Severn alifurahi hadi akamkaribisha chakula. Alidhani amempata mjinga.

Haukupita muda mrefu bata wake mmoja akaonekana ndani ya kabati la vioo huko Baltimore, na bei yake ingenunua boti mpya. Mzee aliwatoa bata wa plastiki uani, akawatoboa mmoja baada ya mwingine kwa msumari, na tangu siku hiyo jina la Bozman halikutajwa mezani kwa Dize.

Kapteni Elwood, baba yake Idella, alitumia nusu ya maisha yake akiwakusanya waliobaki kijijini. Wengine aliwakuta wamewekwa kuzuia milango, wengine wako kando ya jiko wakingoja kuchomwa. Aliwapanga sebuleni mpaka wageni wakakosa pa kukaa. Lakini alipolala kitandani bila kuinuka, macho dirishani, neno lake kwa binti yake lilikuwa lile lile: "Bata bila kinamasi ni kuni tu, Della."

Na kinamasi kilikuwa kinauzwa. Matete yote yale nyuma ya kijiji, ambamo kaa huzaliana na bata wa porini hutua wakitoka kaskazini, yale yanayovunja nguvu ya mawimbi kila kimbunga kinapopiga, yalikuwa mali ya warithi wa mwenye ardhi wa zamani, waliokaa mbali. Kampuni moja ilitaka kumwaga mchanga humo ijenge nyumba za likizo. Warithi waliipa jumuiya ya kijiji hadi Jumatatu ilete fedha, la sivyo basi. Idella ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa jumuiya hiyo, na hakuwa na kitu cha kuuza isipokuwa bata wa baba yake. Bi Oneida alikubali shingo upande, kwa sharti lile moja.

Ukumbini harufu ya chaza wa kukaangwa ilikuwa imetangulia kila mtu. Wanawake wa kanisa walikata keki ya matabaka vipande vyembamba, wakisema ni kwa ajili ya kuwatosha watu wote, ingawa kila mtu alijua mkono wa Bi Thelma ulivyo mzito kutoa. Bi Oneida alikaa mstari wa mbele, kofia ya kanisani kichwani, mkoba mapajani, mgongo haugusi kiti.

Kaka yake Idella, Hobart, alikuwa amefika kutoka Baltimore na koti lisilo na doa.

"Haya, leo ni leo," alimwambia Idella bila salamu. "Baba hajamaliza mwaka kaburini, wewe umeshamtoa sebuleni."

"Baba ndiye aliyeniambia, kaka."

"Mgonjwa husema mengi."

"Ungejuaje alichosema? Ulikuwa unakuja Krismasi kwa Krismasi."

Maneno hayo yalimwingia. Hobart alitazama chini, na aliponyanyua uso macho yake yalikuwa mekundu. "Nilikuwa natafuta riziki, Della. Jana nilimkuta mama akizungumza na yule bata jike aliyechongwa amelala. Anamsimulia habari za kanisani! Umewahi kumsikia?"

"Kila siku namsikia."

"Na bado unamuuza?"

"Na bado namuuza," alisema Idella.

Dalali alikuwa mzee Purnell, ambaye koo lake lilikuwa limenadi kila kitu katika kaunti ile, kuanzia ng'ombe hadi kinanda cha kanisa. Alipanda jukwaani, akamshika bata wa kwanza kwa mikono miwili, na kabla ya kutaja bei akataja jina la aliyemchonga, jina la aliyemmiliki, na mahali alipoelea. Akafanya hivyo kwa kila bata. Matajiri wa New York na Philadelphia walinyanyua vibao vyao vya namba, na watu wa Sawney, waliozoea kuitwa watu wa matope, walianza kukaa wima kwenye viti.

"Huyo wa babu yangu!" alipiga kelele mzee mmoja nyuma. "Tulikuwa tunazuilia mlango wa choo!"

"Leo anakwenda New York," alimjibu mkewe, "na wewe hata Salisbury hapo jirani hujafika."

Ukumbi ulivunjika kwa kicheko. Idella naye alicheka, na machozi yalikuwa karibu. Bata walikwenda kwa bei nzuri, mmoja baada ya mwingine. Hata hivyo alijua hesabu ilivyo: wote kwa pamoja walikuwa wamekibeba kinamasi nusu ya njia. Nusu iliyobaki ilikuwa juu ya mgongo wa bata mmoja.

Mzee Purnell alimtoa mwisho. Bata jike mweusi aliyelala, shingo kaikunja, mdomo kauficha katika manyoya ya mgongoni, amechongwa na Severn Dize majira ya baridi ambayo ghuba iliganda. Rangi yake haikuguswa tangu siku ile. Watu waliacha kutafuna.

"Sina la kusema juu ya huyu," alisema dalali. "Mnamwona. Nani ananianzia?"

"Dola mia moja," alisema Hobart.

Alikuwa amesimama, mkono juu. Idella alielewa mara moja kaka yake amefanya nini.

Sawney kuna mila ambayo haijaandikwa popote na hakuna aliyewahi kuivunja. Kwenye mnada wa mali ya marehemu, damu, yaani yeyote wa nyumba ile kwa kuzaliwa au kwa ndoa, ikinyanyua mkono, jirani hushusha wake. Mjane akitaka kiti cha mumewe, mtoto akitaka saa ya baba, hata kama ni kwa senti moja, hakuna wa kushindana naye. Ndivyo walivyotunziana utu katika miaka ya njaa. Damu peke yake ndiyo huweza kushindana na damu, na hilo likitokea ndipo mlango hufunguka kwa kila mtu.

Wenyeji walikunja mikono. Mama mmoja wa Philadelphia, mwenye nywele nyeupe, alinyanyua kibao chake. Jirani yake akamnong'oneza, naye akakishusha kwa aibu. Wageni wengine walitazama zile nyuso ngumu za wavuvi wakaona afadhali wanywe kahawa.

"Kaka, tafadhali," alisema Idella.

"Nanunua bata wa babu yangu. Kosa langu liko wapi?"

"Unajua kosa lako liko wapi!"

"Namrudisha kwa mama," alisema Hobart, na hakuwa anasema uongo. Hilo ndilo lililouma zaidi. Idella mwenyewe hakuweza kupandisha bei, kwani yeye ndiye muuzaji, na muuzaji anayejinadia mali yake ni mwizi. Alimtazama mama yake. Bi Oneida alimkodolea macho yule bata, midomo imebanwa.

"Dola mia moja, mara ya kwanza," alisema mzee Purnell kwa sauti ya mtu anayesoma ibada ya mazishi. "Dola mia moja, mara ya pili…"

"Elfu moja."

Sauti ilitoka nyuma, ukutani. Haikuwa na haja ya kutajwa jina. Vichwa viligeuka vyote isipokuwa kimoja: Bi Oneida hakugeuka, ila mgongo wake ulizidi kunyooka.

"Bozman!" mtu alifoka.

Mzee Purnell alivua miwani. "Lyle, mila unaijua."

"Naijua, mzee."

"Basi nieleze. Wewe ni nani kwa hawa?"

Lyle alimtazama Idella. Katika ukumbi ule wenye watu tele, ilikuwa kama wamebaki wawili tu kando ya makombe. Alikuwa na jibu mdomoni. Neno moja lingemtosha, na hakuna ambaye angemlaumu kwa kulisema. Idella aliliona likimpanda hadi kwenye midomo, kisha akaliona likimezwa.

"Si mtu kwao," alisema Lyle. "Nimeteleza, mzee. Mnisamehe."

Kelele zikampata kutoka kila upande.

"Mtoto wa nyoka ni nyoka!"

"Leo umekuja na plastiki ngapi, Lyle?"

"Mwonyesheni mlango!"

Alisimama pale pale ukutani, kofia mkononi, akiwaacha waseme. Hasira ya Idella ilikuwa ya kwanza kufika, maana mtu huyu alikuwa ameahidi. Halafu ikaja aibu, na aibu hiyo haikumhusu Lyle hata kidogo. Mwanamume mzima, asiyeinamia mtu wala upepo, alikuwa anatukanwa mbele ya kijiji ili yeye, Idella, asipate taabu ya kumwambia mama yake ukweli. Na nyuma ya aibu, jambo ambalo hakulitegemea: alijivunia. Alimtazama akajisemea moyoni, huyo ni wangu, na hakuna mwanamke humu ndani mwenye kama yeye.

Liwalo na liwe. Alisimama.

"Mzee Purnell, usigonge. Huyo amekudanganya."

"Kadanganya nini, mwalimu?"

"Amesema si mtu." Sauti yake ilitoka safi, ile ya kuita darasa. "Ni mchumba wangu. Alinichumbia Julai, nikamkubali, nikaficha. Kila siku ananiomba niseme, kila siku namwambia kesho. Mlikuwa mnamzomea kwa woga wangu mimi. Sasa nizomeeni mimi, maana yeye sina haya naye. Mtazameni vizuri. Nitaolewa naye, na nikiolewa naye nitatembea katikati ya barabara."

Kijiko kilianguka jikoni. Bi Thelma alisema, "Yesu wangu," na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akasahau kisu ndani ya keki.

Mzee Purnell alikuna kidevu. "Mchumba si mume bado. Hapa mwenye neno ni mkuu wa nyumba." Aligeuka mstari wa mbele, akainamisha kichwa kwa heshima. "Bi Oneida. Huyu ni wa kwenu, au si wa kwenu?"

Bi Oneida aliinuka. Aliweka mkoba kitini, akageuka taratibu mpaka akatazamana na mtoto wa Clayton Bozman.

"Baba yako alikula chakula mezani kwa baba mkwe wangu," alisema. "Akashiba. Akaondoka na bata wake."

"Najua, Bi Oneida. Nimekua na habari hiyo. Hata mimi haijanipendeza siku hata moja."

"Bata huyu akikuangukia, utamfanya nini?"

"Simtaki. Nataka bei ipande ipate kufika kwenye kinamasi."

"Isipopanda? Akikuangukia kwa hiyo elfu, au kwa zaidi, utalipa kwa nini?"

"Kwa boti yangu."

Minong'ono ilipita ukumbini. Kumwambia mtu wa Sawney utauza boti ni kumwambia utauza miguu.

"Na chaza utavuna na nini?"

"Nitaajiriwa kwenye boti ya mtu, mama. Nilianzia huko."

Hakuna aliyejua kama neno mama lilimponyoka au alilikusudia. Bi Oneida alimtazama, kisha akamtazama Hobart, ambaye mkono wake ulikuwa umeshuka bila mwenyewe kujua, kisha Idella, ambaye hakutazama chini kama alivyozoea tangu utoto.

"Wewe," alimwambia binti yake. "Tangu Julai?"

"Tangu Julai, mama."

"Na mimi nikidhani unatoka kwenda kuhesabu ndege."

Mtu alicheka, akajuta. Bi Oneida alirudi kumtazama dalali.

"Elwood alikesha kwenye matete yale akiwa hai. Sitaki kumhifadhia bata sebuleni halafu nje ya dirisha nione mchanga. Umeniuliza kijana huyu ni wa kwetu. Ni wa kwetu. Sikusema nampenda. Nimesema ni wa kwetu. Nadi, Purnell, chaza wanapoa!"

"Damu kwa damu!" mzee Purnell alinguruma, na koo lake likawa la kijana. "Mlango uko wazi! Elfu moja ninayo, nani ananipa mbili?"

Ilikuwa kama boma limebomoka. Vibao viliruka juu mstari baada ya mstari. Hobart alijaribu mara moja, akatabasamu kwa uchungu, akakaa. Lyle hakupata tena nafasi ya kufungua mdomo. Bwana mmoja wa New York alipanda na yule mama wa Philadelphia, ngazi kwa ngazi, hadi watu wakasahau kupumua, na nyundo ilipogonga mama yule alikuwa analia na bwana yule anampa mkono. Mzee Purnell hakutaja jumla. Alivua kofia tu, akaielekeza kwenye dirisha, upande wa matete, na kila mtu akaelewa kwamba fedha zimetosha.

Wavuvi wazee walikumbatiana. Waliokuwa wanamzomea Lyle walikwenda kumpiga mgongoni, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Uliniahidi hutanyanyua mkono," Idella alimwambia, amemfikia hatimaye.

"Sikunyanyua. Nilitumia mdomo."

"Mjinga wewe."

"Mjinga wako. Umeshasema mbele ya watu, huwezi kurudisha."

Idella alimshika mkono, hapo hapo, mbele ya ukumbi mzima. Hobart alikuja akasimama mbele yao, mikono mfukoni. Mwishowe alimnyooshea Lyle mkono wake, na Lyle akaupokea kwa yote miwili. Kisha wanaume hao wawili wakaanza kukunja viti pamoja, kwa kuwa hakuna kingine ambacho wanaume wa Sawney hujua kufanya wakishindwa kusema.

Mama wa Philadelphia alimjia Bi Oneida amempakata yule bata kama mtoto mchanga.

"Nitamtunza," alisema. "Nakuahidi."

"Mzungumzishe," alisema Bi Oneida. "Amezoea."

Mama yule alitabasamu, akageuka kuwatazama watatu wale kule kati ya viti: mmoja wa koti safi, mmoja wa buti za matope, na mwalimu akiwaamrisha wote wawili.

"Nimeelewa kwamba mmoja wao ndiye aliyenigharimu fedha nyingi leo," alisema kwa utani. "Ni wako yupi kati ya wale?"

Bi Oneida aliinyoosha kofia yake, ingawa haikuwa imepinda.

"Ni wangu," alisema. "Wote watatu."